Aliyeniambia Fuwele Zimekufa

Watu wengi wakisikia neno fuwele hufikiria kitu kigumu kisichobadilika: chembe ya chumvi, almasi kwenye pete. Siwalaumu. Hata mimi nilipoanza kusoma kemia nilidhani hivyo. Lakini fuwele ninazotaka kukueleza ni za aina nyingine, na usiogope, kwa sababu kama umewahi kupita mjini Machakos asubuhi maduka yakifunguliwa, umeshaona jinsi zinavyofanya kazi.

Tazama ule mlango wa vyuma wa kukunja unaolinda duka la nguo. Vyuma vimepishana, na kila vinapokutana pana ribiti, msumari mfupi wa kuviunganisha. Mwenye duka akiusukuma pembeni, mlango mzima unajibana kama mzigo wa kuni. Akiuvuta, matundu yanafunguka. Hakuna chuma kilichokatika wala kilichorefuka, na kila ribiti iko palepale ilipokuwa. Kilichobadilika ni pembe tu. Sasa upunguze mlango huo katika mawazo yako mpaka ribiti iwe atomu ya kobalti na chuma kiwe molekuli moja ndefu ya asidi, kisha upange milango kama hiyo kwa mamilioni, juu, chini na ubavuni. Hapo umepata fuwele yenye matundu inayoweza kujifungua na kujikunja. Mvuke ukiingia ndani, inafunguka. Mvuke ukitoka, inajikunja. Wenye matumaini makubwa walisema vitu vya namna hii vitakuja kuhifadhi gesi, kusafisha hewa, hata kunasa maji kutoka kwenye upepo mkavu kama ule wa Konza. Mimi nilitaka tu kuelewa inawezaje kujikunja bila kuvunjika.

Mfano huu wa mlango niliutafuta baadaye. Nilikuwa na mwingine kabla yake, mzuri zaidi, na nitakueleza kwa nini siutumii tena.

Nilikuwa mwalimu wa kemia katika chuo cha walimu nje kidogo ya mji, upande wa vilimani. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilijiandikisha kusomea shahada ya uzamifu Nairobi huku nikiendelea kufundisha. Chuo kikuu kilikuwa na sharti moja lisilo na msamaha: tasnifu lazima ibebe jambo jipya ambalo hakuna mtu popote aliyelitangaza. Jambo likishachapishwa na mwingine, limekufa mikononi mwako, hata kama ulilihangaikia peke yako. Profesa aliyenisimamia, mzee mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alinikumbusha hilo kila tulipoonana. Alikuwa akisema jambo lenyewe linaweza kuwa dogo sana, ilimradi liwe langu.

Maabara yetu ilikuwa ya kufundishia. Tulikuwa na meza za saruji, mabomba yaliyotoa maji siku yalipotaka, na mizani moja nzuri niliyoifunika kwa kitambaa cha kudarizi kama watu wanavyofunika redio nyumbani. Fuwele hupenda kupoa polepole, nami sikuwa na tanuri la kupunguza joto kwa mpango. Basi nikanunua sokoni Tala chupa kubwa ya chai, ile inayohifadhi joto, nikawa naijaza maji yanayochemka na kutumbukiza mirija yangu ya kioo ndani yake mpaka kesho yake. Walimu wenzangu walinichokoza sana. Mmoja alikuwa akipita dirishani akiuliza kama chai ya kobalti imeiva. Chai hiyo ilinipa fuwele za waridi, safi, kila moja ndogo kuliko punje ya wimbi.

Shida ilikuwa ukizitoa majini. Zikikauka zinageuka zambarau, zinakuwa na ukungu, zinasinyaa. Vitabu vyote nilivyokuwa navyo vilisema hapo nyumba imeporomoka: toa maji yaliyoishikilia, na kuta zinaanguka. Ushauri ulikuwa zitupwe. Nilikosa moyo wa kuzitupa. Nikaziweka kwenye kisahani ndani ya kabati, nikaenda nyumbani mwisho wa juma. Niliporudi Jumatatu, fuwele zilikuwa za waridi tena, zinang'aa. Kwenye rafu ya chini palikuwa na chupa ya spiriti ambayo kizibo chake kilikuwa kimelegea, na kabati zima lilinuka. Mvuke wa spiriti ulikuwa umepanda, ukaingia ndani ya fuwele, na zilizodhaniwa zimeporomoka zilikuwa zimesimama.

Nikaketi. Kisha nikazikausha tena, nikazipima. Nikazirudisha kwenye mvuke, nikazipima. Uzito ulipanda, ukashuka, ukapanda, kama kifua cha mtu aliyelala. Hazikuwa zimekufa hata kidogo, zilikuwa zimejikunja. Nilimpigia Profesa simu siku hiyo hiyo, naye akaniambia nimepata jambo langu, ila kuona rangi na uzito hakutoshi. Ilibidi fuwele moja moja ichunguzwe kwa eksirei, ionekane wazi atomu zimekaa wapi ikiwa imefunguka na wapi ikiwa imejikunja. Mashine ya namna hiyo hatukuwa nayo sisi, na sikujua mahali pengine nchini pa kuipata.

Rafiki yangu alikuwa nayo. Tulizaliwa kwenye kilima kimoja, nyumba zetu zikitazamana ng'ambo ya kijito. Tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye alipata nafasi ya kusoma ng'ambo, akabaki huko, akawa mtafiti katika maabara kubwa iliyoshughulikia fuwele zenye matundu, ila zile ngumu zisizojikunja, ambazo wakati huo ndizo zilizosifiwa. Alirudi nyumbani Krismasi ile, nikamkaribisha maabara.

Hapa lazima nikueleze kitu kuhusu kwetu, la sivyo utaniona mjinga. Ukambani matuta ya kuzuia mmomonyoko hayachimbwi na mtu mmoja. Tuna mwethya. Leo kikundi kizima kinakuja shambani kwako na majembe, mnachimba, mnakula isyo, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe, mnaagana. Wiki ijayo ni kwa jirani. Hakuna anayeandika nani alichimba urefu gani, wala hakuna anayemkumbusha mwenzake kwamba shamba hili ni langu. Kulisema hilo mbele ya watu waliokuja kukusaidia ni matusi. Kila mtu anajua shamba ni la nani, na kujua huko ndiko kunakofanya mwethya uwezekane. Mama yangu na mama yake walikuwa kikundi kimoja tangu hatujazaliwa.

Kwa hiyo nilipomweleza rafiki yangu habari za fuwele, nilimweleza zote. Nilimwonyesha chupa ya chai, vipimo, kisahani na spiriti. Mwanzoni hakuamini.

"Ndugu yangu, hizi zimeanguka," akasema. "Sisi huko tunazimwaga."

Nikachukua kiondo nilichokuwa nikibebea vitabu. Mama alikuwa amenisukia kwa mkonge wa rangi ya kutu na nyeusi, na uzi ulipomwishia karibu na mdomo akamalizia kwa nyuzi za kijani alizofumua kwenye sweta langu la shule. Nikatoa vitabu vyote, kiondo kikalala bapa juu ya meza. Nikamuuliza kama kimeanguka. Akacheka. Nikarudisha vitabu kimoja kimoja, kiondo kikainuka, kikapata tumbo. Nikamwambia uzi haujakatika, fundo halijafunguka, kilichobadilika ni jinsi nyuzi zinavyolaliana. Huo ndio mfano niliokuwa nikiwapa wanafunzi wangu, na uliwaingia kuliko mchoro wowote. Nilimwona ukimwingia yeye pia. Alikinyanyua, akakikunja, akakifungua, akarudia.

"Nipe hiki nikawaonyeshe huko," akasema. "Na mirija yako nipe. Nitakuchunguzia, uandike kitabu chako umalize. Siku moja utanichimbia mimi."

Nilimpa vyote. Mama alifurahi aliposikia kiondo chake kitapanda ndege, ingawa alisema angalijua, mdomo ule wa kijani angaliufumua akaurudia.

Miezi mitatu hivi baadaye alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayeleta habari ya msiba. Aliniambia fuwele zilifika zimekufa. Nilimuuliza kama hata zile nilizomfungia ndani ya maji yake zilikufa, akasema hata hizo. Alikuwa amezijaribu kwenye mashine, hakuna kitu, unga mtupu. Akanishauri nisipoteze miaka yangu, nitafute kitu kigumu kinachoeleweka.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Nilitamani iwe kweli."

Nilimshukuru, nadhani mara mbili.

Mwaka uliofuata nautambua sasa kuwa mwaka mbaya kuliko yote, ingawa nilipokuwa ndani yake niliuona wa kawaida. Nilikuwa nikiwatia moyo wanafunzi darasani, nawaambia jaribio likishindwa lirudie, kisha naingia maabara yangu na kuyatilia shaka macho yangu mwenyewe. Fuwele zilikuwa zikigeuka waridi mbele yangu, nami nasema ni uchafu. Mizani ilikuwa ikipanda, nami nasema ni unyevu wa mvua za Novemba. Mtu mwenye mashine alikuwa amesema ni unga, na mtu huyo alikuwa ndugu. Mwishowe nilikwenda Nairobi, nikamwambia Profesa kwa mdomo wangu kwamba nilikosea, hakuna kinachofunguka. Alinitazama sana. Akasema basi tutafute kingine.

Halafu tukasikia rafiki yangu anakuja Nairobi kutoa mhadhara. Nilifurahi kweli. Niliomba basi la chuo, nikawachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wakamwone mtoto wa Machakos aliyefika mbali. Njiani niliwasimulia tulivyokuwa tukichunga mbuzi pamoja.

Ukumbi ulijaa. Alipanda jukwaani akiwa na suti ya kijivu, akasalimu, akasema machache kwa Kikamba yaliyowachekesha watu wa nyumbani. Kisha akaonyesha ukutani picha ya fuwele ya waridi. Nikajiambia kobalti ni kobalti, zote ni za waridi. Picha ya pili ilikuwa zambarau, yenye ukungu, imesinyaa. Akaeleza kwamba kila mtu huzitupa zikifika hapo. Akaeleza spiriti. Akaonyesha uzito ukipanda na kushuka, na baada ya hapo kile ambacho mimi sikuwahi kukiona: atomu zenyewe, zimepangwa wazi, mlango umefunguliwa na mlango umefungwa. Ilikuwa nzuri sana. Nakwambia kweli, kwa muda mfupi nilisahau hasira, nikaona tu jinsi ilivyo nzuri, na kwamba nilikuwa nimeona sawa.

Akainama nyuma ya meza, akatoa kiondo. Kilikuwa na rangi ya kutu na nyeusi, na mdomo wa kijani. Akakilaza bapa, akauliza ukumbi kama kimeanguka. Watu wakacheka. Akaanza kutia vitabu, kimoja kimoja.

Mwanafunzi mmoja msichana aliyeketi nyuma yangu akanong'ona, "Mwalimu, huo si ule mfano wako?"

Mwingine akamjibu kabla yangu: "Nyamaza. Labda walifundishwa na mtu mmoja."

Wote wakapiga makofi, na wanafunzi wangu wakapiga kwa sababu waliona wengine wanapiga. Mikono yangu ilikuwa magotini. Mwenye kuongoza mkutano akatangaza kwamba kazi hiyo ilikuwa imechapishwa mwaka huo katika jarida lenye heshima, na kwamba ilikuwa imefungua ukurasa mpya. Maktaba yetu Machakos haikupokea majarida ya namna hiyo. Ningejulia wapi?

Wakati wa chai aliniona, akaja mikono wazi, akanikumbatia mbele ya watu. Akawaambia huyu ni rafiki yangu wa nyumbani, anafundisha chuo cha walimu. Nilimvuta pembeni, karibu na mlango wa jikoni, ambako wahudumu walikuwa wakipita na sahani za mandazi.

"Uliniambia zimekufa," nikasema.

"Zilikuwa zimekufa. Nilizifufua."

"Kwa spiriti. Nani alikuambia spiriti?"

Aligeuza kikombe chake kwenye kisahani. "Wewe uliona rangi, ndugu yangu. Rangi hata mtoto anaona. Mimi nilipima. Ningekuambia, ungefanya nini? Uko na mashine gani Machakos?"

"Ningekuwa na tasnifu."

"Utapata nyingine. Wewe ni mtu wa kichwa."

Alisema hivyo kwa upendo, hilo ndilo lililoniuma. Nikamuuliza juu ya kiondo cha mama. Hapo akacheka, kicheko kile kile cha dawatini, akanipiga bega.

"Kiondo ni cha Wakamba wote, bwana."

Mtu akamwita, akaenda. Mhudumu aliniuliza kama nitakunywa chai au kahawa.

Nilikwenda kwa Profesa wiki ile ile. Aliamini kila neno, nami namshukuru mpaka leo. Lakini alinieleza hali ilivyo kama ninavyokueleza wewe, polepole, bila kunificha. Vipimo vyangu vya mizani vingeonyesha kwamba niliona kitu, visingeonyesha kwamba nilijua ni nini. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakuja ofisini kwake kusema nilikosea, naye alikuwa ameshawaarifu wenzake kwamba nimebadilisha mada. Njia iliyobaki ilikuwa moja: rafiki yangu mwenyewe awaandikie wenye jarida kwamba fuwele zilitoka kwangu, jina langu liongezwe. Jina likiwamo, chuo kikuu kingekubali kazi hiyo kuwa yangu pia.

Profesa alimpigia simu nikiwa nimeketi mbele yake. Waliongea kwa heshima. Niliweza kusikia sauti, si maneno. Alipoweka simu chini alikohoa kwanza.

"Anasema ulimsaidia kupata kemikali fulani," akaniambia. "Anasema safari ijayo atafurahi kukushukuru."

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Habari zilikuwa zimemfikia mama kabla yangu. Mama yake rafiki yangu alikuwa amevuka kijito mbio kumweleza kwamba kiondo chake kilionyeshwa mbele ya maprofesa, wakakipigia makofi. Nilimkuta ameketi nje anasokota mkonge, uso unawaka furaha. Aliniuliza kama na mimi nilikuwepo.

"Nilikuwepo, mwaitu," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama.

"Na waliona ule mdomo wa kijani?"

Nikamwambia waliuona, na hakuna aliyeucheka. Akasema kijana yule ana adabu, kukumbuka watu wa nyumbani namna ile. Jumamosi iliyofuata kikundi kilikuwa na zamu kwa akina rafiki yangu, na mama alinitaka nimsindikize. Nilikwenda. Baba yake alikuwa mgonjwa na matuta yake yalikuwa yamebomoka, na hilo halikuwa kosa la mzee. Nilichimba pamoja na wengine. Waliimba, wakamtaja mtoto wao aliyeko ng'ambo katika wimbo, nami nilichimba kwa kasi ya wimbo. Ila kiondo kingine sikumwomba mama anisukie, na darasani nilianza kutafuta mfano mwingine, mpaka asubuhi moja nikiwa mjini nikamwona mwenye duka akivuta mlango wake.

Tasnifu niliiandika upya. Profesa alinisaidia kupata swali dogo lililobaki: fuwele hizo zikifunguka na kujikunja tena na tena, zinachoka lini, na zinachokea wapi? Ni swali la kweli, na nililipenda kadiri nilivyolifanyia kazi. Nawaambia vijana wanaoanza utafiti wasidharau swali lililobaki, mara nyingi lina nyama. Lakini sura ya kwanza ya tasnifu lazima ieleze ardhi unayosimama juu yake, na mwenye kila jambo atajwe. Kwa hiyo ilinibidi niandike, kwa mkono wangu, kwamba ugunduzi wa kufunguka kwa fuwele hizi ulifanywa na fulani. Niliandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaandika nyingine iliyozunguka, Profesa akairudisha na alama ya kalamu pembeni. Nikaiandika ya kwanza.

Siku ya kuitetea walikuwa wameketi watahini kadhaa, na mkuu wao alikuwa mama mmoja kutoka chuo kikuu kingine, mtu makini na mwenye huruma, aliyeisoma kazi yangu yote. Aliisifu. Aliuliza maswali mazuri, nikayajibu, nikasikia hata raha ya kujibu. Ndipo akafungua sura ya kwanza. Akasema kwa ajili ya kumbukumbu za kikao angependa nitamke mwenyewe ni nani aliyeonyesha kwanza kwamba fuwele hizi zikikauka haziporomoki, bali hujikunja, na zaweza kufunguka tena.

Nilitaja jina la rafiki yangu. Nililitaja lote, la ubatizo na la baba yake.

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. "Nasikia mnatoka kijiji kimoja," akasema, akinitabasamia. "Una bahati. Bila shaka alikufaa sana."

Profesa wangu alikuwa akitazama meza.

"Tunatoka kijiji kimoja," nikajibu, naye akafungua ukurasa uliofuata.